Jina Nililolifanya Kufuli

Nilianza maisha ya kazi juu ya nguzo. Miaka ya sabini nilikuwa fundi wa laini za simu upande wa Kitui, na kituo changu cha kwanza kilikuwa Kwa Vonza, ambako vumbi liliingia mpaka kwenye chai. Nilipanda nguzo kwa vyuma vya miguuni, nikaunga nyaya, nikafukuza mchwa, nikagombana na watu waliokata waya wa serikali kutengeneza mitego ya kanga. Kazi hiyo ilinipa mikono migumu na imani moja ambayo sikuwahi kuihoji: simu ikikataa, ubaya uko njiani. Hauko kwa anayepiga wala kwa anayepigiwa. Mtu akianza kunieleza habari nyingine, nilimkatiza. Nina hasira za karibu, na wakati huo nilijivunia jambo hilo.

Mgongo ulipokataa nguzo, nilipata kazi katika hospitali ndogo ya kanisa kwenye vilima vya Mbooni, si mbali sana na Kikima. Niliajiriwa kutunza jenereta, simu na pampu ya maji. Mke wangu alikuwa amesomea taipu, naye akaajiriwa kuwa karani wa faili. Tulikuwa na nyumba ya vyumba viwili nyuma ya jiko la hospitali, na kila asubuhi tulivuka ua pamoja kwenda kazini, yeye na kibeti chake, mimi na koleo langu mfukoni.

Katikati ya miaka ya tisini tuliletewa kompyuta. Watu walikuja kuiangalia kama ng'ombe wa gredi. Lakini haikuwa na kitu ndani yake. Faili za wagonjwa wa hospitali zote za kanisa letu zilikuwa kwenye kompyuta kubwa Nairobi, na hii yetu ilikuwa dirisha la kuchungulia tu. Ulizungusha mkono wa simu, mama wa eksichenji pale posta akakuunganisha na Nairobi, kisha ukawasha kisanduku kinachoitwa modemu, nacho kikaanza kulia kwa sauti nyembamba. Laini ikiwa safi, Nairobi ilijibu, na maandishi ya kijani yakaomba neno la siri. Ukiliandika sawasawa, faili zimefunguka. Laini ikiwa chafu, hukufika hata kwenye kuombwa neno, maandishi yalijaa takataka na simu ikakatika. Hapo ilibaki njia ya dharura: umpigie karani wa Nairobi, umtajie neno lile kwa mdomo, naye akusomee faili. Sauti ya mtu hupita kwenye waya mchafu ambao mashine haiwezi.

Mwanzoni hatukulijali neno hilo. Aliyetufundisha aliliandika kwenye karatasi na kulibandika pembeni ya kioo, na hapo likakaa. Kisha mtu, mpaka leo hatumjui, akalisoma, akafungua faili ya mwalimu mmoja aliyekuwa akitibiwa kwetu. Miaka hiyo kulikuwa na ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja kwa jina. Jumamosi habari ilikuwa sokoni. Jumatatu watoto walikuwa hawaingii darasani kwake. Kabla ya mwezi kuisha alipakia vitanda vyake kwenye lori, akaondoka na mkewe bila kumuaga mtu, na katika kanisa letu, ambamo alikuwa akiongoza nyimbo, hakuna aliyesimama kuuliza ameenda wapi. Mimi pia sikusimama.

Daktari aliniita. Alikuwa mtu wa Magharibi mwa Kenya, mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Aliniambia nitafute neno jipya, na nihakikishe jambo lile halirudiwi tena. Nikaweka sheria mbili. Neno haliandikwi popote. Neno haliambiwi mtu yeyote, hata daktari mwenyewe. Nairobi kando, watakaolijua ni wawili tu, mimi na mke wangu, basi.

Nilikaa siku mbili nikifikiria neno gani. Nilitaka neno ambalo mke wangu hawezi kulisahau na hawezi kulitoa mdomoni, hata akiwa kwenye mazungumzo ya akina mama, hata akikasirika, hata akiota. Nikalipata, na nikacheka peke yangu pale ofisini. Lilikuwa jina la baba yangu.

Kwetu Ukambani mwanamke halitaji jina la baba mkwe wake. Heshima hiyo tunaiita nthoni. Hampiti karibu njiani, hamli pamoja, na jina lake halitoki kinywani mwako. Mke wangu alikuwa ameokoka, aliimba kwaya, na mchungaji alishahubiri mara nyingi kwamba mambo hayo ni ya zamani. Yeye alisema amina, kisha akarudi nyumbani akaendelea vilevile. Mtoto wetu wa kwanza alipewa jina la babu yake kama desturi inavyotaka, na mama yake hajawahi kumwita kwa jina hilo hata siku moja. Alimwita "nau", yaani baba, hata alipokuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Nilipomwonyesha neno jipya kwenye kioo, aligeuza uso.

"Hiyo si ya kuchezea," akasema.

"Si nimekupa kitu hutaweza kuropoka?" nikamtania. "Sasa hata ukitaka kuuza siri ya hospitali, utaanzia wapi?"

"Baba watoto, badilisha."

"Wewe unaandika tu. Vidole havina mdomo."

Mwishowe alikubali kwamba vidole havina mdomo. Tangu siku hiyo akawa anaandika jina la baba yangu mara tatu au nne kwa siku, haraka, akiangalia pembeni. Baba alikuwa amekufa miaka michache kabla. Nilijiona mjanja sana. Nilimweleza daktari kwamba nimeweka kufuli ambalo hakuna mwizi atakayelivunja, na daktari akanishika mkono.

Dada yangu wa mwisho aliletwa siku ya Jumatano, kama saa mbili na nusu asubuhi, kwenye pikapu ya mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Kalamba, ambako ndiko kwetu. Mama alikuwa ameketi nyuma naye, amemlaza kichwa mapajani. Dada alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa mshonaji, mcheshi, mtu wa kuvaa sketi aliyoikata mwenyewe kisha kukuuliza kama umeiona dukani. Asubuhi hiyo alikuwa hajui yuko wapi. Shingo ilikuwa imekaza, macho yamefunguka lakini hayamwangalii mtu, na mwili ulikuwa wa moto hata kupitia blanketi.

Daktari alimwangalia, akatoka nje ya wodi akatuita mimi na mama. Alisema ni homa ya uti wa mgongo, na kwamba ugonjwa huo hausubiri. Kwenye kabati kulikuwa na sindano za aina mbili za kuutibu. Akauliza kama kuna dawa yoyote iliyowahi kumkataa.

Mama alijibu kwa Kikamba, nami nikatafsiri. Mwaka uliotangulia dada alilazwa katika hospitali ya kanisa Nairobi kwa ugonjwa wa kifua. Huko alichomwa sindano fulani, akavimba koo, akaanguka, wakamrudisha kwa bahati. Waliambiwa asichomwe tena maisha yake yote. Jina la dawa liliandikwa kwenye kadi, na kadi iliungua pamoja na nyumba ya kupanga aliyokuwa akikaa.

"Alikuambia jina?" daktari akauliza.

"Aliniambia," mama akasema. "Lilikuwa la Kizungu. Lilipita."

Daktari akanigeukia. "Iko kwa faili. Nitafutie hiyo faili sasa hivi. Mimi siwezi kumdunga kitu nikikisia. Hiyo nyingine inaweza kummaliza hapa hapa."

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi tangu saa tatu kasorobo. Sindano moja ilikuwa uzima wa dada yangu, nyingine ilikuwa kifo chake, na jibu lilikuwa Nairobi.

Tukaingia ofisini mimi na mke wangu. Mama akaketi kwenye benchi pale nje ya mlango, akaweka mikono juu ya leso yake. Mke wangu akazungusha simu, akaunganishwa, akawasha modemu. Ikalia, ikakohoa, takataka zikajaa kwenye kioo, simu ikakatika. Akajaribu tena, ikawa vilevile. Nikapunguza mwendo wa mashine mpaka ule wa chini kabisa, maana mashine ikienda polepole huvumilia waya mbaya. Ikakatika. Nikabadilisha kamba ya ukutani. Ikakatika. Nikachukua simu yenyewe nikasikiliza. Kulikuwa na mngurumo, na juu ya mngurumo mkwaruzo uliokuja na kuondoka kila upepo ulipovuma. Nikajua mara moja. Kitu kilikuwa kinagusa waya mahali fulani, na upepo ulikuwa unakisukuma.

Moyo wangu ulitulia, na hilo linaniuma hata leo. Nilifurahi kwamba ubaya uko njiani, kwa sababu njiani ndiko nilikokujua.

Nilivaa mkanda wa kupandia, nikachukua vyuma vya miguu na simu ya majaribio niliyobaki nayo tangu kazi ya zamani. Nikifunga mkanda nilimwambia mke wangu, "Wewe endelea kujaribu mashine. Ikikataa kabisa, ongea na Nairobi kwa mdomo, uwape neno, wakusomee."

"Haya," akasema.

Sikumwangalia usoni. Nilisema "uwape neno" kama mtu anayesema fungeni mlango, na kwa wakati ule neno hilo halikuwa jina la mtu yeyote. Lilikuwa sehemu ya mashine. Nikapanda baiskeli.

Laini yetu iliteremka mlima ikifuata barabara ya vumbi. Nilipita nguzo kwa nguzo nikiwa nimeinua kichwa. Kilomita ya sita au ya saba, karibu na daraja la mto mkavu, nikaona. Mtu alikuwa amening'iniza mzinga wa nyuki kwenye nguzo ya simu.

Siwezi hata kumlaumu. Miti ya upande ule ilikuwa imechomwa makaa yote, na nguzo ndiyo ilikuwa mti pekee ulionyooka. Alikuwa ameufunga mzinga kwa waya, waya ukazungushwa juu ya mkono wa nguzo, na ncha yake ikawa inalalia laini yetu. Upepo ukivuma, mzinga unabembea, na waya unakwaruza. Nyuki walikuwa tayari ndani. Kazi ya dakika tano: panda, kata waya, mzinga uanguke, laini iwe safi.

Nilipanda. Nikafika karibu vya kutosha kuona alama ya ukoo iliyochongwa kwenye mfuniko wa mzinga. Na hapo mkono wangu ukasimama.

Sisi hatugusi mzinga wa mtu. Sijui nilieleze vipi jambo hili kwa asiye wa kwetu. Unaweza kuchukua kuni za jirani ukamwambia baadaye. Unaweza hata kukata miwa yake. Lakini mzinga wenye alama ya ukoo hauguswi na mkono ambao si wa mwenyewe, na zamani watu waliuawa kwa ajili hiyo. Babu yangu aliponionyesha mizinga yake nikiwa mdogo, alinishika masikio yote mawili akaniambia kwamba anayeangusha mzinga wa mwenzake ameangusha nyumba yake mwenyewe. Nami nilikuwa mtu mzima, nimebatizwa, nina koleo mkononi, na dada yangu anaungua kitandani. Nikateremka nguzo bila kukata kitu.

Nilijiambia nitamtafuta mwenyewe upesi. Boma la kwanza hawakujua. La pili waliitambua alama, wakanielekeza ng'ambo ya mto. Huko mke wa mwenye mzinga akaniambia mumewe amekwenda kuchimba mchanga na atarudi wakati wowote. Alinipa kigoda. Nikakaa. Nikaondoka nikamtafute mtoni, nikamkosa, nikarudi. Nikapewa uji. Nakumbuka niliunywa wote, na nakumbuka nilikuwa nikiwaza kwamba hata hivyo mke wangu atakuwa ameshaongea na Nairobi kwa mdomo, faili imeshasomwa, sindano imeshachomwa, na mimi sasa nashughulikia waya tu.

Mwenye mzinga alirudi saa sita na kitu. Alikuwa mtu mwenye haya, akaomba radhi, akachukua kienge cha moshi, akapanda mwenyewe na kuuteremsha mzinga wake taratibu kwa kamba. Nyuki walimuuma shingoni na hakuachia kamba. Ilikuwa inakaribia saa saba nilipopanda nguzo na kubana simu yangu ya majaribio kwenye laini. Ilikuwa safi kabisa. Nikazungusha, mke wangu akajibu papo hapo.

"Laini ni safi," nikasema. "Mgonjwa anaendeleaje? Alidungwa saa ngapi?"

Nilisikia akiweka kalamu mezani.

"We! Alidungwa saa ngapi?"

"Bado."

"Bado nini? Si ulipigia Nairobi?"

"Nilipiga."

"Walisemaje?"

"Walitaka neno."

"Ukawaambia?"

Nilisikia pumzi yake kwenye waya, safi kama amesimama kando yangu. Na hapo, nikiwa nimefungwa mkanda juu ya nguzo, nikakumbuka neno lilikuwa nini.

Nilimtukana. Sitayaandika niliyomwambia. Mwenye mzinga alikuwa bado chini, na aliinamisha kichwa kwa aibu yangu. Mke wangu alingoja nimalize, kisha akasema, "Toka kwa laini, niwashe mashine." Nikatoa vibanio. Safari hii modemu ililia, Nairobi ikajibu, kioo kikaomba neno, naye akaandika kwa vidole vyake. Faili ikafunguka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alinakili jina la dawa kwenye karatasi na kukimbia nayo wodini bila viatu. Nilihadithiwa hayo na wauguzi.

Sindano ilichomwa saa saba na dakika kumi. Nilifika saa nane nikiwa nimejaa vumbi. Dada alikuwa ameanza kutikisika mwili mzima, na kila mtikisiko ulikuwa mrefu kuliko uliotangulia. Nilimshika mguu, kwa sababu mama alikuwa na kichwa na wauguzi walikuwa na mikono. Saa kumi na nusu alitulia, na kutulia kwake hakukuwa kupona. Daktari alitoa miwani, akaipangusa kwa koti lake, akaivaa tena.

Nilimuuliza kama saa zile zingebadilisha kitu. "Pengine," akasema. "Pengine hapana. Alikuja akiwa amechelewa. Usiniulize hiyo, tafadhali." Alikuwa mtu mwema, na sikumwamini.

Jioni hiyo hiyo nilikwenda ofisini nikafungua daftari la simu. Nilikuwa nimemfundisha mke wangu aandike kila jaribio na saa yake. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa shule ya misheni. Saa tatu na dakika tano, mashine imekataa. Saa tatu na robo, mashine imekataa. Saa tatu na nusu, nimeongea na karani Nairobi, ameuliza neno. Kwenye mstari huo, mahali pa jibu, hakuna kitu. Saa nne kasoro dakika kumi, mashine imekataa. Saa nne, mashine imekataa. Saa tano kasorobo, nimeongea na karani Nairobi, ameuliza neno. Hapo tena, mahali pa jibu, hakuna kitu. Nilihesabu majaribio ya mashine yakafika ishirini na tatu. Daktari aliingia mara tatu kuuliza habari ya laini, na kila mara mke wangu alimjibu, "Inakataa, daktari," na lilikuwa jibu la kweli. Hakuna mtu hospitalini aliyejua kwamba kulikuwa na jambo jingine zaidi ya waya. Sheria yangu ilikuwa neno lisijulikane kwa mtu, na yeye alifuata sheria.

Tulimzika dada Kalamba siku ya Jumamosi. Mashine yake ya kushonea iliwekwa kwenye kona ya nyumba ya mama, na sketi nusu bado iko chini ya sindano. Baada ya watu kuondoka, nilimkuta mke wangu akiosha sufuria za matanga nyuma ya jiko, na nikamwambia kile nilichokuwa nimekibeba siku tatu.

"Ulimuua dada yangu kwa nthoni."

Aliendelea kuosha. "Nilijaribu," akasema. "Yule karani alisema nitaje hata herufi moja moja. Nikaanza. Nikaona ni kama namvua baba yako nguo. Angekuwa hai ningempelekea mbuzi nimwombe radhi, aniondolee laana. Amekufa. Hiyo mbuzi nitampa nani? Niko na watoto watatu."

"Watoto! Na yeye hakuwa mtoto wa mtu?"

"Nilijua laini itarudi. Ulisema ni laini. Siku zote unasema ni laini. Nikasema acha ningoje, atairekebisha sasa hivi." Akainua uso. Macho yalikuwa yamevimba. "Wewe ulichelewa wapi?"

"Kulikuwa na mzinga kwa nguzo."

"Si ungeutoa?"

"Ulikuwa mzinga wa mtu," nikasema.

Aliniangalia tu. Alirudi kwenye sufuria yake, akachukua jivu, akaendelea kusugua. Ningependelea angenipiga nayo kichwani. Nilisimama pale na hasira yangu yote, na sikuwa na pa kuipeleka.

Mama alituita tuingie ndani. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha dada, na alikuwa ametusikia, kwa sababu nilikuwa nimepiga kelele. Akauliza ni neno gani hilo tulilokuwa tukigombania. Nilijiona bado ninalinda kitu. Kisha nikamweleza yote kwa Kikamba, polepole: kompyuta, Nairobi, kufuli, na jina nililolichagua. Mke wangu alisimama mlangoni akiangalia chini.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakumtazama mke wangu kwa ubaya. Alinitazama mimi.

"Na mimi nilikuwa wapi?" akauliza.

"Ulikuwa nje ya ofisi, mwaitu. Kwenye benchi."

"Kutoka asubuhi."

"Ii. Kutoka asubuhi."

"Alikuwa mume wangu," mama akasema. "Mimi kwangu hakuna nthoni. Nimemwita kwa jina hilo miaka arobaini, nikimwita chakula, nikimwita mvua inakuja. Mbona hakuna mtu alitoka kuniambia?"

"Lilikuwa siri, mwaitu."

"Siri ya kufichwa nani?"

Mama akageuza kichwa kuelekea mlango uliokuwa wazi, upande wa shamba alikozikwa baba na sasa dada pembeni yake, akalitaja jina. Hakulipigia kelele. Alilitaja kama mtu anayemwita mwenzake aje ndani. Mke wangu alifunika masikio, lakini lilikuwa limeshasemwa. Lilichukua pumzi moja.